Basi Lililogeuzwa Nyumba: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Kipuri

Coaster au Civilian kuukuu ikishatolewa viti na kuwekewa vitanda, jiko na tangi la maji, inakuwa vitu viwili kwa pamoja. Chini ni basi, lililoundwa liende. Juu ni nyumba, inayotaka kutulia. Basi lilizoea mzigo unaopanda na kushuka, upepo unaopita madirishani, na alternata inayochaji mchana kutwa. Nyumba haina hayo. Makabati hayashuki kituoni, upepo haupo gari likiwa limeegeshwa, na taa huwaka saa ambazo injini imezimwa. Karibu kila hitilafu ninayoijua kwenye magari haya imezaliwa katika tofauti hiyo, na ndiyo maana kubadilisha kipuri kilicholalamika mara nyingi hakusaidii. Chanzo kiko kwingine.

Mazingira ya Dodoma yanaongeza ukali. Jiji liko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua ni ya msimu mmoja, kama Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki ni jua, upepo na vumbi. Anza na dalili uliyoiona, fanya kipimo kilichoelezwa, ndipo utoe pesa.

Gari limelala upande mmoja, au linayumba kwenye kona

Dalili hii hupelekwa moja kwa moja kwa fundi springi, naye huongeza jani. Gari husimama sawa kwa muda, kisha hulala tena, na safari inakuwa ngumu kiasi cha kufungua milango ya makabati.

Kabla ya kuongeza jani, tafuta mahali tambarare upime kwa futi kutoka ardhini hadi ukingo wa juu wa upinde wa tairi, kwenye matairi ya pembe zote nne. Pima tangi la maji likiwa tupu, kisha likiwa limejaa. Tofauti ya kushoto na kulia ikiongezeka tangi linapojaa, kosa ni mpangilio wa mzigo. Tofauti ikiwa ileile hata vitu vyote vikiwa vimeshushwa, hapo sasa kagua springi zenyewe: jani lililokatika, bolti ya katikati, bushi zilizoliwa, yu-bolti zilizolegea.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 200 lililobanwa ubavuni ni sawa na watu wazima watatu waliokaa upande mmoja na hawainuki usiku wala mchana. Weka tangi chini, katikati ya ekseli mbili, na jiko liwe upande mmoja na betri upande wa pili. Gari likiyumba zaidi tangi linapokuwa nusu kuliko likiwa limejaa, maji yanacheza ndani. Tangi hilo linahitaji vizuizi, au libadilishwe kwa matangi mawili madogo.

Kuna dalili nyingine ya uzito ambayo wengi hawaitambui. Unaendesha usiku kuelekea Manyoni, hujawasha taa ndefu, lakini kila anayekuja anakumulikia. Usukani nao umekuwa mwepesi kuliko zamani. Maana yake nyuma ni kuzito mno. Sehemu inayobaki nyuma ya ekseli ya nyuma kwenye basi ni ndefu, na mzigo uliowekwa pale unainua pua ya gari. Kurekebisha taa peke yake kunaficha tatizo. Sogeza mzigo mbele.

Nashauri sana kupita mizani mara mbili, kabla ya ujenzi na baada ya ujenzi, gari likiwa na maji, mafuta na familia nzima. Mizani ya Nala kwenye barabara ya Singida iko karibu na jiji. Soma uzito ekseli kwa ekseli ulinganishe na kibao cha mtengenezaji. Ukiwa umezidi, angalia kwanza mbao. Tunapenda mninga, na ni mbao nzuri kwa haki, lakini kabati la mninga ndani ya gari ni uzito unaoubeba milele. Plaiwudi nyepesi juu ya fremu ya paina inatosha. Marumaru sakafuni hazina nafasi kabisa: ni nzito, na bodi inapojipinda barabarani zinapasuka.

Tairi nazo zisome. Ubavuni kuna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari la familia hukaa muda mrefu juani bila kutembea, kwa hiyo tairi huzeeka kashata (meno yake) zikiwa bado ndefu. Nyufa ndogo ubavuni kwenye tairi iliyobeba nyumba ni sababu ya kutosha ya kuitoa.

Injini inachemka kwenye mlima

Tambarare hadi Mtera mshale umetulia, kisha milima ya Nyang'oro inaanza na mshale nao unapanda. Au ni upande wa Kondoa, kwenye miinuko ya Bereko. Watu hulaumu injini. Mara nyingi injini ni nzima, ila imenyimwa hewa.

Kwenye mabasi mengi ya aina hii injini iko mbele, chini ya sakafu, karibu na dereva. Mjenzi anaweka zulia nene, plaiwudi na sponji juu ya mfuniko wake ili kupunguza kelele, kisha anaweka kabati la viatu mahali palipokuwa na upenyo. Joto linakosa njia ya kutokea. Toa vitu hivyo, panda mlima uleule kwa mzigo uleule, utazame mshale. Ukitulia, umeshapata jibu.

Usipotulia, mulika rejeta kwa tochi. Vumbi letu likichanganyika na mbegu za majani na mafuta yaliyovuja linakuwa tabaka linaloziba nafasi kati ya mapezi. Osha kwa maji yasiyo na presha kubwa, kutoka upande wa feni kuelekea nje, ili mapezi yasilale. Kisha angalia kifuniko cha rejeta. Kwenye mwinuko wa Dodoma maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, na kifuniko ndicho kinachoshikilia presha inayopandisha kiwango hicho. Kifuniko ambacho raba yake imekufa kinaweza kuvumilika Dar es Salaam na kukuadhibu hapa. Ni kipuri cha bei ndogo, kibadilishe kwanza.

Fundi akipendekeza kuondoa themostati, ile valvu inayopitisha maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, kataa. Kwenye baadhi ya injini themostati ndiyo inayofunga njia ya mkato, na ikitolewa, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Na usijaze maji ya kisima. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi, na yanaacha magamba ndani ya mirija. Tumia kulanti iliyochanganywa kwa kipimo chake. Kifuniko hakifunguliwi kabla injini haijapoa.

Ndani ni tanuri mchana

Wengi hubandika sponji darini na kushangaa kwamba joto halijapungua. Weka kiganja mahali pane saa nane mchana: dari, ukuta, kioo na mfuniko wa injini. Panapochoma zaidi ndipo pa kuanzia. Kwenye basi, jibu mara nyingi ni vioo, kwa sababu basi ni vioo kila upande. Kuvifunika kwa ndani kunasaidia kidogo tu, maana jua limeshaingia. Turubai au kivuli cha nje, hata cha mita moja, kinafanya kazi zaidi.

La pili ni paa. Lipake rangi nyeupe, na ukiwa na paneli za sola ziinue angalau sentimita kumi juu ya bati. Paneli zinakuwa mwavuli wa paa, na hewa inayopita chini yake inazipoza zenyewe, jambo linalorudi kwenye umeme huko mbele. La tatu ni tundu la juu la kutolea hewa, lenye feni ndogo. Hewa ya moto hukaa juu ya madirisha na bila tundu haitoki, hata ufungue madirisha yote.

Matone darini alfajiri

Kabla ya kupaka silikoni popote, jiulize: jana kulinyesha? Kama ni Julai na mvua haijaonekana tangu Aprili, paa halivuji. Usiku wa Juni na Julai bati hupoa sana, na pumzi za watu watano pamoja na mvuke wa chai ya jioni hugeuka maji zikiligusa. Dawa yake ni kuacha upenyo mdogo juu na mwingine chini usiku kucha, na kuhakikisha godoro halijalala juu ya ubao usio na matundu. Godoro la namna hiyo huota ukungu kwa chini kabla hujaona chochote juu.

Matone yakija baada ya mvua, hilo ni jambo jingine. Jua la miezi mingi hupasua raba za madirisha na gundi ya paa, kisha mvua ya kwanza ya Desemba inafichua kila ufa. Mahali maji yanapodondokea sipo yanapoingilia. Yanaweza kuingia kwenye ribiti ya mbele, yakatembea juu ya nguzo ya dari, na kudondoka juu ya kitanda cha nyuma. Kwa hiyo pima kwa mpira wa maji: mmoja awe nje, mwingine ndani na tochi, paneli za ndani zikiwa zimefunguliwa. Anza chini ya madirisha, panda pole pole, kaa dakika kadhaa kila sehemu. Ukianza juu utalowesha kila kitu na hutajua kipi kilivuja.

Silikoni yenye harufu ya siki usiiweke kwenye bati. Asidi inayotoa inapokauka huanzisha kutu palepale unapotaka kupaziba. Tumia gundi ya kubandikia vioo vya magari, juu ya bati lililosuguliwa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu.

Vumbi limejaa kwenye matandiko

Hili linawakatisha tamaa akina mama kuliko jingine lolote, na wana haki: umefunga kila dirisha, umetoka barabara ya vumbi, na shuka zimekuwa nyekundu.

Basi linapokwenda, nyuma yake hubaki eneo lenye presha ndogo, na vumbi lililotimuliwa na tairi linanyonywa kuingia ndani kupitia tundu lolote. Kwa hiyo tafuta nyuma na chini: mlango wa nyuma, matundu ya bolti za viti vilivyotolewa, njia za waya za zamani, pembe za sakafu zilizoliwa na kutu. Usiku weka taa kali ndani, funga mapazia, kisha lala chini ya gari uangalie wapi mwanga unapenya. Kwenye mlango wa nyuma paka chaki kwenye ukingo, funga, fungua. Mahali ambapo raba haikuchukua chaki haishiki.

Ukishaziba, fungua kidogo tundu la paa la mbele, linalotazama mwelekeo wa safari. Hewa safi inaingia kwa nguvu, presha ya ndani inakuwa kubwa kuliko ya nje, na vumbi linakosa mwaliko.

Zingatia hili kwa uzito: tundu linalopitisha vumbi linapitisha pia moshi wa ekzosi. Watoto waliokaa nyuma wakilalamika kichwa na kichefuchefu wakati wote wa safari, usiseme ni barabara tu. Kagua bomba la ekzosi hadi mwisho wake, hakikisha linatoka nje kabisa ya bodi, na usiendelee na safari kabla hujaziba sakafu.

Betri imekufa kabla ya kucha

Hapa ndipo pesa nyingi zaidi hupotea.

Kwanza jua basi lako ni la volti ngapi. Mabasi madogo mengi ya Kijapani ni ya volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofuatana. Mtu akitaka taa au redio ya volti 12, njia ya haraka ni kuchukua umeme kwenye betri moja kati ya hizo mbili. Taa zinawaka vizuri. Baada ya miezi kadhaa betri ileile moja inaanza kufa. Unanunua mpya, nayo inakufa. Sababu ni kwamba inatumika peke yake lakini inachajiwa pamoja na mwenzake. Alternata inaona jumla tu. Moja haijai kamwe, nyingine inachajiwa kupita kiasi hadi maji yake yanakauka. Zima kila kitu, subiri saa kadhaa, pima kila betri kwa mita. Zikitofautiana kwa nusu volti, tafuta waya uliochomekwa katikati yake. Toa waya huo, weka kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12 kinachochukua kutoka betri zote mbili.

Betri ya nyumba iwe ya kwake, iliyotenganishwa na za kuwashia injini kwa rilei au kifaa cha kutenganisha. Stata ikishindwa kuzungusha injini asubuhi baada ya watoto kutazama filamu, utenganisho huo haupo au umeungua.

Kisha fanya hesabu. Friji ndogo ya wati 50 ambayo kompresa yake hufanya kazi nusu ya muda inakula wati-saa 600 kwa siku. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 kwa volti 12 ina wati-saa 1,200, na kwa afya yake inatakiwa utumie nusu tu. Friji peke yake imemaliza kila kitu, taa na simu bado. Na hapo tumedhani kompresa inapumzika. Friji iliyobanwa kwenye kabati lisilo na matundu, ndani ya basi lenye joto, haipumziki. Nimeona watu wakiongeza betri ya pili na ya tatu wakati dawa ilikuwa kutoboa kabati nyuma, chini na juu, hewa ipite.

Betri ya volti 12 iliyotulia ikisoma 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu. Chini ya 11.9 imekwisha, na kuiacha hivyo kunaiua. Iandike asubuhi na jioni kwa siku chache na utajua kama unapoteza usiku au unakosa kujaza mchana. Ukikosa kujaza, panda juu ya paa saa sita, soma ampea kwenye kontrola (kifaa kinachosimamia chaji ya sola), futa paneli kwa kitambaa chenye maji, soma tena. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli iliyolala flati inafaa na huhitaji fremu ya kuinamisha. Ila iliyolala inakusanya vumbi. Paneli ya moto nayo hutoa kidogo: hupoteza karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi juu ya 25, na ndiyo faida ya ule upenyo wa sentimita kumi. Paneli ya wati 200 ipangie wati-saa 700 kwa siku ya jua, si 1,000.

Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ikipiga kelele na kuzima ingawa betri imejaa, mshukiwa ni waya. Birika la wati 1,500 linavuta zaidi ya ampea 125 kwenye volti 12. Likiwa linachemsha, pima volti kwenye vichwa vya betri, kisha kwenye vichwa vya inveta. Betri ikisoma 12.4 na inveta 11.2, volti zinapotelea kwenye waya mwembamba au kiungio kilicholegea, na zinapotea kama joto. Uguse kwa tahadhari. Waya mnene na mfupi, na fyuzi karibu kabisa na betri, si upande wa pili. Kwa maji ya chai tumia gesi.

Pampu inalia yenyewe usiku

Funga koki iliyo karibu na pampu. Ikinyamaza, kuna uvujaji mbele ya koki. Mara nyingi ni koki ya sinki. Isiponyamaza, valvu ya pampu yenyewe imekufa au imekwama kwa mchanga, kwa hiyo weka chujio kabla ya pampu. Tangi liwe jeusi, kwa sababu tangi linalopitisha mwanga huota ukijani.

Harufu ya gesi, au mwali wa njano

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Inatulia sakafuni, kwa hiyo dirisha la juu haliiondoi. Mtungi ukae kwenye kisanduku kilichofungwa upande wa ndani na chenye matundu chini yanayotoka nje. Ukisikia harufu, funga mtungi, toa watu, fungua milango, usiguse swichi yoyote. Kisha tafuta kwa povu la sabuni kwenye viungio vyote. Mtikisiko wa barabara hulegeza nati, hivyo rudia kila baada ya safari ya barabara mbovu.

Mwali wa njano unaopaka masizi maana yake hewa haitoshi au vumbi limeziba tundu la jiko. Safisha, usipuuze.

Jiko la mkaa lisiingie ndani ya basi, hata likiwa limebaki majivu, hata usiku wa baridi ya Julai. Monoksidi ya kaboni haina harufu, na familia iliyolala haiamki kuitambua. Weka king'ora chake karibu na vitanda.

Askari anauliza kuhusu kadi

Kadi inasema basi la abiria 26, ndani kuna vitanda. Mabadiliko ya bodi, rangi na matumizi yapelekwe TRA, gari likaguliwe na polisi wa usalama barabarani, na kampuni ya bima iambiwe kwa maandishi. Fanya hivyo kabla ya kufunga makabati, mkaguzi bado anapoona chesisi na mahali viti vilipofungwa. Viti vya watoto vitazame mbele, mikanda ifungwe kwenye fremu na si kwenye plaiwudi, na dirisha moja la nyuma lifunguke kwa ndani bila ufunguo.

Safari ya kupima

Usianze na Kolo ili watoto waone michoro ya miambani. Lala kwanza usiku mmoja Hombolo, kando ya bwawa, karibu na mafundi wako. Asubuhi kaza nati za tairi na yu-bolti, pima tena zile pembe nne, soma volti, pitisha povu kwenye viungio vya gesi, tazama chini ya gari kama kuna mafuta. Safari ya pili iwe Mtera. Kondoa ifuate baadaye, na ukifika Kolo acha basi kijijini. Njia za kupanda kwenye michoro si za gari refu lenye nyuma inayoburura.